Risala ya wavunaji wa Manduria kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wetu wa kikundi, na nyie wote mliotoka shamba moja kwa moja mkiwa na udongo mwekundu kwenye viatu, habari za jioni.

Kwanza tunashukuru umefunga safari kutoka Dodoma mpaka huku Manduria, mkoa wa Puglia kusini mwa Italia. Na kwa kuwa wewe mwenyewe ni mtu wa zabibu hatutakuchosha, ila jua hapa zabibu inayoutambulisha mji ni Primitivo, imeitwa hivyo kwa sababu inawahi kuiva, mwisho wa mwezi wa 8 sisi tayari tuko shamba. Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, hawa mara moja tu, kwa hiyo hizo wiki chache ni kukimbizana. Mizabibu ya zamani haina waya, imesimama yenyewe kama kichaka kifupi, unavuna umeinama mpaka mgongo unakuwa sio wako, lakini wazee hawataki kabisa kuing'oa na sisi tunawaelewa.

Sasa mizeituni, mgeni rasmi, hapa naomba utulie kidogo. Mwaka 2013 karibu na Gallipoli, mji wa hapa hapa Puglia, iligundulika bakteria inaitwa Xylella, inaziba mishipa inayopandisha maji, mti unakauka kuanzia juu kama umeunguzwa, na inasambazwa na kadudu kadogo kanakofyonza mti huu kakaenda ule. Mamilioni ya mizeituni imekufa, mingine ya karne na karne. Wataalam wanaamini iliingia na miche ya kahawa ya mapambo kutoka Costa Rica, na sisi wengine tuliokulia kwenye mibuni hiyo habari ilituuma sana. Mzee tunayemvunia alikata mizeituni ya babu yake mwenyewe, hakutaka mtu aiguse, sisi tukabeba kuni kimya kimya. Siku hizi amepanda mizeituni aina ya Leccino na Favolosa inayovumilia ugonjwa, miti bado midogo.

Maombi yetu ni mawili. Ukirudi, simamia miche yote ya kutoka nje ikaguliwe kabla haijagusa ardhi ya wakulima wako. Pili, tuletee vijana hata wawili wajifunze kupogoa hii mizabibu mifupi, kitanda na chakula tutagawana.

Na hii chupa ni mafuta ya miti michache iliyobaki nyuma ya ukuta wa mawe, mzee kakamua mwezi wa 11, katuomba tukukabidhi mkononi.

Naomba kuwasilisha.