Barua ya malalamiko: mmempa mtu nisiyemjua anwani ya nyumbani kwangu

Kwa Meneja,
Kitengo cha Hakimiliki na Faragha

YAH: KUONDOLEWA KWA VIDEO YANGU NA KUTOLEWA KWA TAARIFA ZANGU BINAFSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita mliondoa kwenye mtandao wenu video niliyojirekodi nikipiga kinanda, kwa madai ya mtu kwamba ni kazi yake. Kipande chenyewe ni cha Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, kwa hiyo utunzi wake hauna mwenyewe tena. Kinachobaki kudaiwa ni rekodi, na rekodi ni yangu. Sikilizeni kwenye sekunde ya 50: kiti kinalia, mbele kidogo nakosea noti, naguna, naendelea. Sidhani kama kuna studio iliyowahi kuuza guno lile. Ila kwenu hakuna aliyesikiliza. Barua pepe ilisema tu kwamba mlalamikaji ameitambua kazi yake, basi.

Hilo ningelimeza. Lililonifanya niandike ni lililofuata.

Ili video irudi, nilitakiwa kujaza notisi ya kukanusha, yaani fomu ya kupinga madai hayo: jina kamili, anwani, namba ya simu, pamoja na kukubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Chini ya fomu mliandika kwamba taarifa hizo ni za kushughulikia ombi langu tu. Nikajaza, nikatuma. Siku ya nne, usiku, ikaingia simu ya namba ngeni. Mwanamume akanisomea anwani yangu polepole mpaka namba ya mlango, kisha akasema niondoe pingamizi kama napenda usingizi wangu. Nikamuuliza yeye ni nani. Akakata.

Najua mtajitetea kwa DMCA, ile sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, kwamba inawalazimu kumpelekea mlalamikaji nakala ya notisi yangu. Ni kweli, kifungu cha 512 nimekisoma. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka na yeye, anapowaandikia, aweke mawasiliano yake. Yako wapi? Mimi niliambulia herufi mbili badala ya jina na anwani ya barua pepe isiyojibu. Yeye ananijua hadi mlangoni, mimi simjui hata jina. Na hakuna sheria iliyowakataza kunionya kabla sijabonyeza "Tuma". Ningejua, pengine ningeandika sanduku la posta, au ningeiacha video ipotee nilale zangu.

Tena sheria hiyo inataka video irudishwe ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amefungua kesi. Leo ni siku ya 17 ya kazi tangu nitume notisi, na kesi sijaisikia.

Nataka video irudi na onyo lililo kwenye akaunti yangu lifutwe. Nataka nakala nzima ya madai yake, ikiwa na jina na mawasiliano, kama mlivyompa yangu. Pia niandikieni taarifa zangu zimefika kwa nani mwingine na lini. Yale maneno ya chini ya fomu yaondoeni leo hii, maana kuna mwingine anaijaza sasa hivi akiyaamini.

Jibu nitumieni kwa barua pepe. Msipige simu, namba mliyo nayo nimeshaifunga.

Mimi mwenye akaunti