Ukuaji wa China na waliohama vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wanaousifu uchumi wa China hulipita haraka. Tunasimuliwa, na ni kweli, kwamba tangu mageuzi yaliyoanza mwaka 1978 chini ya Deng Xiaoping mamia ya mamilioni ya watu wametoka katika umaskini, na kwamba jiji la Shenzhen, lililofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, sasa lina watu zaidi ya milioni 17.

Lakini ni nani waliovijaza viwanda vya miji kama huo? Ni wanavijiji waliohama kutoka mikoa kama Sichuan, Hunan na Henan, ambao chini ya utaratibu wa usajili wa kaya uitwao hukou, uliowekwa kisheria mwaka 1958, waliendelea kuhesabiwa kuwa watu wa shamba hata baada ya kuishi mjini miaka mingi. Watoto wao hawakupata kwa urahisi nafasi katika shule za serikali za mijini, hivyo wazazi wengi waliwaacha kijijini kwa bibi na babu, wakionana nao pengine mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Masharti hayo yamelegezwa katika miji midogo. Katika Beijing na Shanghai bado ni magumu.

Wachumi wetu wanaoitaja China kama mfano wa kuigwa (nami sipingi kwamba ina mengi ya kutufundisha) wangetusaidia zaidi kama wangeeleza pia ni nani walioilipa gharama hiyo.

Msomaji wako,
Morogoro