Mwanangu, usisaini ndoa ile

Mwanangu,

Kaka yako amenipigia kwa furaha kwamba utafunga ndoa na yule kijana wa Shenzhen kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda yetu ya Kichina. Yeye hajui kwamba wewe unapenda wanawake, kijana naye anapenda wanaume, na kwamba mmepatana kuwaziba macho wazazi. Mimi uliniambia, kwa hiyo siwezi kushangilia naye.

Usisaini. Zamani ningekificha kitabu cha kaya, kile cha kuandikisha watu wa nyumba, mngekwama. Tangu Mei 2025 ofisi ya ndoa inataka vitambulisho tu, popote nchini China, basi nimebaki na maneno. Kutoka ndiko kugumu. Tangu 2021 wanaoachana kwa kukubaliana husubirishwa siku 30, na mmoja akighairi, ombi limekufa. Mama yake akimshika asikuache, utalipa wakili kwa mshahara wa kiwandani?

Nyumba wameinunua wazazi wake kabla ya ndoa, kwa jina lake. Ni yake. Yeye ataendelea na maisha yake, maana nani humuuliza mwanamume alilala wapi? Wewe mama mkwe atakuuliza habari za tumbo kila mwezi.

Na mahari, kaka yako ameshaipigia hesabu ya kumalizia deni la nyumba yake. Mahakama yaweza kuamuru mahari irudishwe ikionekana mume na mke hawakuishi pamoja. Atarudisha nani? Umemjengea vya kutosha. Ulikwenda viwandani Dongguan ungali binti mdogo ili yeye amalize shule, na alama zako zilikuwa juu ya zake. Hilo tuliache.

Wenye nacho wana njia. Binti wa ofisini Shanghai asiye na mume husemwa kazi yake ni kubwa. Akitaka mtoto husafiri ng'ambo, kwa kuwa hospitali za hapa haziruhusiwi kumpandikizia mimba asiyeolewa. Wewe wa kiwandani ukifika thelathini, husemwa una kasoro. Namheshimu sana Wu Youjian, mama wa Guangzhou aliyesimama kwenye televisheni mwaka 2005 kumtetea mwanawe apendaye wanaume. Lakini alikuwa mhariri, mtu wa mjini. Nikisema vile kijijini, baba yako hataitwa hata mazikoni.

Kinachoninyima usingizi ni karatasi. Kazi yangu ya kuhudumia wagonjwa imenionyesha mengi. Nilimwona mama mtu mzima akitolewa chumbani na wapwa wa mgonjwa, mwanamke aliyeishi naye tangu ujana wao. Wapwa walimwita jirani. Hakuwa na hati yoyote mkononi.

Kwa hiyo nenda ofisi ya kuthibitisha hati, uende na mwenzio, mwanamke unayeishi naye, si na yule kijana. Sheria iliyoanza 2017, ambayo sasa ni kifungu cha 33 cha Sheria ya Kiraia, inamruhusu mtu mzima kumteua kwa maandishi atakayekuwa mlezi wake siku akishindwa kujiamulia. Haiwafanyi mke na mke, wala haimpi mwenzio urithi. Wosia muandike kando. Ofisi moja ikiwakataa, nendeni nyingine. Ada nitatoa mimi. Nasema tena, hati hiyo kwanza.

Mwambie mwenzio asivunjike moyo kwa ile kazi ya hoteli aliyonyimwa kwa sababu ya nywele fupi na mashati ya kiume. Siku ile alipokuja nyumbani nilimtazama mno, naye aliona. Mwambie akija tena atakula mezani nasi, si jikoni. Nimefurahi kwamba anakupikia ukitoka zamu ya usiku; wewe hujawahi kujijali, na ninakugombeza kwa hilo pia.

Mahindi tumevuna, ngano imepandwa. Dawa za presha za baba yako nimenunua, usitume pesa mwezi huu, lipa kodi yenu. Paa la banda linavuja, litasubiri. Kaka yako akikupigia tena kuhusu mahari, usibishane naye. Mwambie aniulize mimi.

Mama yako