Shoga, kuhusu hilo goli la basketi la uani

Shoga yangu mambo, za Tanga? Watoto hawajambo? Shemeji naye msalimie sana. Voisi noti yako nimeisikiliza yote hadi mwisho na nimefurahi mno kusikia unataka kumwekea binti goli la basketi uani, mana wewe na mimi tunajua basketi imetujenga vipi tangu enzi zile za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na huyo binti yako kwa urefu aliojaaliwa itakuwa dhambi likizo nzima akae na simu tu. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia, ili hata fundi umsomee aelewe.

Lile goli la plastiki lenye vitairi ulilonitumia picha naomba usinunue. Najua linapendeza na halina habari za kuchimba, ila lile linasimama kwa uzito wa kitu ulichojaza kwenye kitako chake basi, na watu wengi wanajaza maji mana ndo rahisi, sasa lita moja ya maji ni kilo moja tu wakati mchanga mkavu ujazo huohuo unakaribia kilo moja na nusu, alafu maji yanavuja kidogokidogo hakuna anayekumbuka kuongeza, mpaka siku kijana mkubwa wa jirani anakuja kuning'inia kwenye ringi na goli zima linalala mbele, na mbele ndo watoto walipo. Hapa mtaani kwetu kuna nyumba limeanguka hivyohivyo, Mungu saidia hakuna mtoto aliyekuwa pale chini. Kama mtu amepanga nyumba na hana namna basi sawa, ajaze mchanga tena pomoni, lakini wewe uko kwako.

La kufunga ukutani pia hapana. Ukuta wa tofali za inchi tano kila mpira unaogonga ubao wa nyuma ya ringi unaupokea wenyewe, plasta itaanza nyufa, na kishindo chote kinaingia chumbani.

Chimbia nguzo shoga. Hela yako iende chini kwenye zege na kwenye chuma, usihangaike na ubao wa kioo. Kioo kile kigumu cha kwenye viwanja vikubwa kweli mpira unarudi vizuri kuliko kitu kingine chochote, ila ni kizito na kinataka nguzo nene sana, ukikifunga kwenye kabomba kembamba ubao unatetemeka kila shuti na faida yote imepotea. Marini bodi, ile plaiwudi ya kuhimili maji, ya milimita 18 inatosha kabisa, na tena shiti moja ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo hata ubao kamili wa mashindano wa mita 1.80 kwa 1.05 unatoka humo humo na kipande kinabaki. Kwa uani kwako futi nne na nusu upana ni poa. Kingo zote zipakwe rangi ya mafuta, mana maji yanaingilia pembeni na bodi inaanza kubanduka.

Nguzo iwe bomba la mraba la inchi nne, lenye unene wa milimita 3 kwenda juu, na kwa chumvi ya bahari ya huko ulizia galvanaizi, lile lililopakwa zinki, kama halipo basi rangi ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya rangi yoyote, na juu walizibe na kipande cha bati mvua isiingie ndani. Shimo mita moja kwenda chini, upana sentimita 60 kila upande. Mi ningemwambia fundi azamishe bolti kwenye zege alafu nguzo ije na pleti yake chini ifungwe na nati, ili miaka ikipita kutu imekula unabadilisha nguzo bila kuvunja zege. Zege limwagiliwe maji wiki nzima ndo mfunge ubao, fundi akikuambia kesho linabeba mkatalie. Na kabla ya kuchimba hakikisha bomba la maji na shimo la choo vimepita wapi, angalia na waya za umeme juu.

Kitu mafundi wengi wanakosea ni mkono, kile chuma kinachoshika ubao kwenye nguzo. Ubao usigandane na nguzo, utoke mbele hata sentimita 80, mana mtoto akienda layapu, yaani kukimbilia goli na kutupia karibu, kwa kasi anaishia uso kwenye chuma. Na hata hivyo ifungeni nguzo sponji la godoro la zamani kwa chini.

Ringi ni sentimita 45 kwa ndani, nondo ya milimita 16 ila iwe laini, sio ile yenye mikunjo ya kujengea, inakata nyavu na vidole. Mstari wa chini wa kile kiboksi cha kulengea kinachochorwa kwenye ubao uwe usawa na ringi, ukichorwa popote tu mtoto anazoea kulenga pasipo.

Sasa urefu, hapa ndo nakusihi. Mita 3.05 ni ya wakubwa. Naismith, aliyebuni basketi, mwaka 1891 alipigilia matenga ya matunda kwenye ukingo wa roshani ya jimu, na ukingo ulikuwa futi kumi, yaani hiyo 3.05, ndo zikabaki hizo hizo mpaka leo, hakuna aliyepimia watoto. Minibasketi, ile ya watoto, ni mita 2.60 na mpira namba 5. Watoto ninaowafundisha jumamosi nawaona kabisa, ukiwapa goli refu wanarusha mpira toka kiunoni na mwili mzima unapinda, na tabia ile kuja kuitoa ukubwani ni kazi nzito. Mwambie fundi atoboe matundu ya bolti sehemu mbili, 2.60 na 3.05, binti akikua mnapandisha.

Sakafu zege la mita 5 kwa 5, ukipima kuanzia chini ya ubao na sio kwenye nguzo, linatosha, mstari wa fri-throo (mtupo huru) unakaa mita 4.6 toka kwenye ubao. Ila goli liwe upande wa kaskazini au kusini wa uwanja, likikaa magharibi wale watoto jioni watakuwa wanashuti na jua machoni.

Nipimie uani urefu na upana unitumie na picha, tena kabla hujampa fundi advansi, na yeye namba yangu mpe anipigie.

Nakupenda shoga, nibusie watoto.