Barua kwa Mwanangu: Karani Aliyeandika Majina ya Watoro

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi nyumbani tu wazima. Uliniuliza ni nani, mbali na Harriet Tubman, aliyewasaidia watumwa wa Marekani kutoroka, nami nakuletea habari za karani mmoja ninayemheshimu sana.

William Still alizaliwa New Jersey mwaka 1821, akiwa mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 18. Kabla hajazaliwa, mama yake alikuwa mtumwa Maryland. Alitoroka na watoto wanne akakamatwa, na alipotoroka tena aliwachukua mabinti wawili tu, akawaacha wavulana, Levin na Peter, kwa kuwa hakuweza kukimbia nao wote. Mimi ni mzazi, na kila nikifika hapo moyo hunisimama. Wavulana wale waliuzwa kusini, na Levin akafia utumwani Alabama.

Still aliajiriwa katika ofisi ya chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia, akawa anawapokea watoro na kuwatafutia malazi, nguo na nauli ya kuendelea hadi Kanada, kazi iliyozidi kuwa ya hatari baada ya sheria ya 1850 kuwapa mabwana nguvu ya kuwasaka hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Mwaka huohuo alifika ofisini mtu mzima aliyekwisha kujikomboa kwa fedha zake, akiwatafuta wazazi aliotenganishwa nao utotoni. Alipowataja, Still akatambua kwamba anazungumza na kaka yake Peter.

Tangu hapo aliandika kwa uangalifu jina la kila mtoro, alikotoka, bwana wake, ndugu aliowaacha na jina jipya alilojipa, ili jamaa waweze kutafutana. Karatasi hizo zingenaswa zingewaangamiza wengi, hivyo alizificha, na mwaka 1872, utumwa ukiwa umekwisha, akazichapisha kitabu.

Waliopitishwa hapa Ujiji wakaelekea Tabora hadi Bagamoyo hawakupata karani wa namna hiyo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, lakini katika nyumba nyingi habari zake hunyamaziwa kwa aibu, aibu ambayo kwa maoni yangu haiwahusu kabisa waliotendewa. Bibi yako amekubali kusimulia aliyoyasikia kwa mama yake. Ukija likizo ya Desemba, njoo na daftari, uandike majina kama atakavyoyataja.

Mama yako