Maini yenye mafuta yatazamwe tungali hai

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari mliyochapisha kuhusu wanasayansi wanaojaribu kuzima jeni katika maini yenye mafuta ili yafae kupandikizwa. Inatia moyo. Ini lililojaa mafuta halivumilii kuhifadhiwa kwenye baridi. Damu inaporudishwa ndani yake wakati wa kupandikizwa, seli zake huumia vibaya, ndiyo maana madaktari hukataa mengi huku wagonjwa wakisubiri. Vipande vidogo vya RNA (kemikali ya seli inayobeba maagizo ya jeni) vinavyozuia jeni kutoa protini yake, mbinu iliyotokana na ugunduzi uliowapa Andrew Fire na Craig Mello Tuzo ya Nobel mwaka 2006, huenda vikaokoa baadhi ya maini hayo.

Hata hivyo, kwetu hapa Moshi kuna upande ambao hamkuugusa. Mafuta hayo huanza zamani, kwa unene, kisukari na pombe (nami mpenzi wa kitimoto cha Jumamosi sijitoi). Ini likinenepa halipigi kelele. Wengi hugundua wakipimwa jambo lingine kabisa. Lakini ini la aliye hai hurekebishika bila kugusa jeni: kwa mtu mnene, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito mara nyingi hupunguza mafuta na uvimbe wa ini.

Nashauri kliniki za kisukari mkoani Kilimanjaro ziingize uchunguzi wa ini katika mahudhurio ya kawaida: kipimo cha damu kwanza, kisha utrasaundi kwa anayehitaji. Na mgonjwa aelezwe majibu yake kwa Kiswahili chepesi, asikabidhiwe karatasi tu akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

Msomaji wako,
Moshi