Majibu ya BRCA2 yametoka, na harusi ya binamu imekaribia

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Tanga. Kazi yangu ni unasihi kwa wagonjwa wa saratani na jamaa zao. Naandika kwa ajili ya mama mmoja wa mjini hapa, ambaye ameniruhusu kuuliza mradi mtaa na ukoo wake visitajwe.

Mama huyu aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 39. Mama yake mzazi alifariki kwa saratani ya ovari. Tukiona mambo mawili hayo katika nyumba moja, tunaomba kipimo cha jeni, na tunaanza na aliyeugua. Ukianza na mzima na usione kitu, hutajua kama amesalimika au kama ukoo ule una hitilafu nyingine ambayo hukuitafuta. Ilichukuliwa damu mililita 4 kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, kikapinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ya kuzuia kuganda ichanganyike. Damu ikishaganda, maabara hudai nyingine. Kisha kichupa kikafungwa kitambaa na kuwekwa kwenye boksi la baridi, kisigusane na barafu. Mate nayo yanafaa, ila kwa dakika 30 kabla mtu asile, asinywe, asivute sigara, wala asitafune tambuu.

Majibu yakaonyesha hitilafu yenye madhara katika BRCA2, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 13, ambayo ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Si lile jibu la “maana yake bado haijulikani”, ambalo watu wenye asili ya Afrika hulipata mara nyingi zaidi kwa kuwa kumbukumbu nyingi za jeni zimekusanywa kutoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Jibu la namna hiyo halitoshi kumfanya mtu akatwe titi. Hili la mama huyu halina utata.

Tatizo ni kwamba binti yake wa miaka 23 ameposwa na mtoto wa mjomba wake, yaani mtoto wa kaka wa huyu mama, baba mmoja mama mmoja. Nikaha ni Mfungo Tatu. Mama hataki kaka yake ajue, wala binti hajaambiwa. “Watasema mwanangu ana damu mbovu,” ananiambia. “Na kaka yangu ni mwanamume, saratani ya matiti inamhusu nini?”

Inamhusu sana. Hitilafu hii hurithiwa kwa baba kama inavyorithiwa kwa mama. Mwanamume aliye nayo yuko katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, mara nyingi ile kali, na hata ya titi. Kwa wanawake, kati ya 100 walio nayo takribani 70 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na takribani 17 hupata ya ovari.

Lililo zito zaidi kwangu ni watoto watakaozaliwa. Kwa kuwa tunaamini hitilafu ilitoka kwa marehemu mama yao, kaka ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo, na mwanawe robo. Binti ana nusu. Kwa hiyo uwezekano wa maharusi wote wawili kuwa nayo ni 1 kwa 8. Ikiwa wote wanayo, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kurithi nakala mbovu pande zote mbili. Hapo huja upungufu wa damu wa Fanconi: uboho hushindwa kutengeneza damu, na saratani za utotoni, za damu na za ubongo, huweza kuja mapema mno. Ukizidisha, kwa sasa ni 1 kwa 32 kwa kila mimba. Wengi wataona ni ndogo. Mimi nikikumbuka kwamba kichupa kimoja cha damu kinaweza kuiondoa kabisa, siwezi kunyamaza.

Maana kaka akipimwa akakutwa hana, mwanawe hana, na nyumba yake nzima imetoka hatarini. Kipimo chenyewe kitakuwa cha bei nafuu kuliko cha kwanza, kwa kuwa maabara itaangalia sehemu moja tu ya jeni badala ya kuisoma yote, ila lazima ipewe nakala ya majibu ya dada mtu. Na nakala ni mali ya dada. Bila ruhusa yake siitoi.

Nimefikiria barua isiyo na jina, ya kusema tu kwamba katika ukoo wenu kumeonekana hitilafu, njoo kliniki. Lakini kaka ana dada mmoja tu, atajua papo hapo. Mwenzangu alipendekeza tuwapime maharusi pamoja na vipimo vya sikoseli kabla ya ndoa, bila kueleza. Nimekataa. Kutoa damu ya mtu kwa jambo asilolijua ni kumhadaa, na hapa kwetu mtu akisikia DNA tayari hudhani anatafutwa baba wa mtoto.

Iliyobaki ni kuanza na binti. Ni mtu mzima, na akikutwa hana, hofu ya Fanconi imekwisha. Akikutwa nayo, haimzuii kuolewa wala kuzaa: atapigwa picha ya MRI ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, mamografia (eksirei ya matiti) iongezwe kuanzia 30, na akishamaliza uzazi, kati ya miaka 40 na 45, azungumze na daktari kuhusu kutoa ovari. Lakini njia hii inamwacha kaka na watoto wake wengine gizani, na mama hata hii hajaikubali.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Je, ni sawa nimwombe mama huyu tumshirikishe somo wa binti, ambaye anaaminiwa na nyumba zote mbili, au siri ikishafika kwa mtu wa tatu imeshatoka? Na waliowahi kumsaidia mgonjwa kumwambia ndugu yake jambo kama hili, walimpa maneno gani ya kuanzia?

Mnasihi, Tanga